Matawi Uliyoyasukuma Bondeni

Iko siku moja ambayo naikumbuka kuliko hata siku yangu ya harusi, mwanangu, na jana umenifanya niikumbuke pamoja na hasira yake yote. Kaa hapo. Hiyo simu iweke pembeni. Mimi ni bibi yako, nimekulea tangu mama yako alipohamia Makambako kutafuta maisha, kwa hiyo nikikuita mwanangu nina haki, na nikikugombeza nina haki zaidi.

Jana jioni umerudi kazini, ukanawa, ukakaa karibu na moto, ukaanza kutusimulia mimi na dada yako. Ukasema kile kilima kilichovunwa miti kule karibu na Kichiwa mmekisafisha chote na trekta lenu lenye kijiko, sasa kinasubiri miche ya parachichi. Tukakusifu. Kisha ukasema, huku unacheka, kwamba mabaki yote ya miti mmeyasukuma bondeni, maana huko ndiko mteremko unakoelekea na bosi alitaka kazi iishe upesi. Ukasema kulikuwa na mama mmoja huko chini kwenye vinyungu vyake vya mboga, anapunga mikono na kupiga kelele, na wewe ukaongeza sauti ya redio. Dada yako akacheka. Mimi niliinuka nikaenda zangu chumbani bila kuaga, mkadhani bibi amechoka. Sikuchoka hata kidogo. Ningefungua mdomo ningekwambia maneno ambayo mtu aliyebatizwa hamwambii mjukuu wake. Leo nimekwenda ibadani, nimeomba, nimerudi, na hasira bado ninayo. Basi sikiliza.

Nilikuwa mke mpya, mama yako bado namfunga mgongoni. Babu yako Zakayo alikuwa porini akipasua mbao, anarudi nyumbani mara mojamoja. Mimi nilibaki na mama yake, mama mkwe wangu, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Zakayo. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye maneno machache kama mtu anayeyahifadhi kwa ajili ya kiangazi. Alichokuwa nacho duniani ni nyumba yake na kinyungu chake pale bondeni.

Usinitazame hivyo. Najua unajua kinyungu ni nini, umekula humo tangu hujaota meno. Lakini kula ni jambo moja na kukitengeneza ni jambo jingine, na ninaanza kuamini kwamba hukuwahi kuangalia tunachofanya kule chini. Mvua zikiisha, sisi wanawake tunashuka kwenye lile bonde la maji, tunafyeka majani, tunayafukia, tunainua matuta, tunachimba mifereji katikati ya tuta na tuta, tunayaongoza maji ya chemchemi yapite taratibu yasigharikishe wala yasikimbie. Mikono inakufa ganzi. Unaijua baridi yetu ya mwezi wa sita, ile ya kuamka unakuta nyasi ni nyeupe. Kwenye baridi hiyo ndiyo tunasimama ndani ya maji. Halafu kiangazi kikikaza, juu kote kumekauka, kule bondeni kuna maharage, kuna viazi, kuna kabeji, kuna mboga za maboga. Udongo wa kinyungu cha Mama Zakayo ulikuwa mweusi hadi ukiushika unaacha alama mkononi. Alikuwa ameulisha majani tangu alipoolewa yeye.

Na kwetu mwanamke mwenye kinyungu hanunui mboga. Yeye ndiye anayegawa. Kukiwa na msiba anapeleka, mzazi akijifungua anapeleka, mgeni akipita anakata kabeji na kumpa bila kuulizwa. Mwanamke wa hivyo akionekana sokoni anachagua kabeji za mwenzake, watu wanageuka kumtazama na kuulizana kumetokea nini nyumbani kwake.

Kilima kilichokuwa juu ya bonde lile kilikuwa cha baba mdogo Amoni, mdogo wake marehemu baba mkwe. Alikuwa amepanda mipaina, ikakomaa, akawauzia wafanyabiashara wa Makambako. Wakaja na misumeno yao, malori yakapanda na kushuka, magogo yakaondoka. Kilichobaki unakijua, maana ndiyo kazi yako: matawi, vilele, magome, vipande vilivyopinda visivyofaa mbao, na visiki kila mahali.

Sasa kulikuwa na utaratibu, na bado upo kwa watu wenye adabu. Magogo yakishatoka, kilima hakiguswi kwanza. Wanawake wa bondeni wanapanda kuokota kuni. Mwenye kilima hawashi moto wala haleti mashine mpaka wanawake wenyewe waseme wametosheka. Hakuna mkutano uliopitisha jambo hilo, lakini kila mtu alilijua, na hata mwenye kilima alifaidika, kwa sababu uchafu ulipungua bila yeye kuinua mkono. Yanayobaki ndiyo yanapangwa kwa mistari kukata mteremko, yaoze hapo au yachomwe kukiwa na watu wa kuulinda moto.

Baba mdogo Amoni hakutaka kusubiri. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, naye alitaka kupanda mahindi mvua ya kwanza. Akaenda Njombe mjini akakodi trekta lenye kijiko mbele. Lilipoingia kijijini tulitoka wote kulitazama, watoto wakalikimbilia, na aliyekuwa juu ya kiti alikuwa Tito, kijana wa nyumba ya jirani, aliyekuwa amekwenda kujifunza udereva. Tulipiga vigelegele. Mama Zakayo mwenyewe alipiga kigelegele, maana Tito alikuwa mtoto wake kama walivyokuwa watoto wote wa pale. Mama yake Tito alipougua muda mrefu, ni kinyungu kile kilichomlisha yeye na wadogo zake.

Asubuhi Tito alianza vizuri, hilo nalisema ili nisimwonee. Alikuwa anainua matawi, anayapeleka pembeni, anayapanga. Halafu baba mdogo Amoni akafika na pikipiki. Tulimsikia kutoka chini akifoka kwamba mafuta yanaisha kwa kuzungukazunguka visiki, kwamba mteremko upo, asukume tu chini, mpaka wa shamba lake unaishia pale kwenye ukingo na kinachoendelea chini ya hapo si shauri lake. Kisha akawasha pikipiki akaondoka. Hakukaa kuangalia. Watu wa namna ile hawakai kuangalia, mwanangu, na hata huyo bosi wako naapa hakuwepo jana. Alikuwepo?

Unatikisa kichwa. Nilijua.

Basi matawi yakaanza kuja. Tito alikuwa amekishusha kijiko mpaka chini kabisa, hivyo hayakuja matawi peke yake. Ulikuja udongo wa juu wa kilima, vikaja visiki vilivyong'oka na mizizi yake, vikaja vipande vya miti ambavyo hata wanaume wawili hawavibebi. Vikabingirika na kutua kwenye jicho la chemchemi. Mama Zakayo alikuwa katikati ya maharage. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Nilipiga kelele mpaka mama yako akaamka mgongoni akaanza kulia, nikaokota mawe, nikaanza kupanda kilima nikiwa nimeamua kabisa kukivunja kioo cha lile trekta.

Mama akanishika mkono. "Acha," akasema. "Tunakwenda nyumbani kupika."

Nilidhani amechanganyikiwa. Kupika! Maji yanafukiwa, na yeye anachuma maharage mabichi na kuchimbua viazi kama mtu anayetarajia wageni. Akapika, akapakua kwenye bakuli lake zuri, lile la wageni, akalifunika kwa kitambaa, akapanda kilima. Nikamfuata nyuma na hasira yangu. Unajua kwetu wakati wa mgowe, tunapoalikana kulimiana, mwenye shamba ndiye anayewalisha waliokuja kumsaidia. Na yeye alimpelekea Tito chakula kama vile Tito amekuja kwake kwenye mgowe.

Tito alipotuona alizima injini. Akashuka, akavua kofia.

"Kamwene, mama," akamsalimu kwa Kibena, macho ameyatupa pembeni.

"Kamwene, mwanangu. Kula. Hii imetoka kule chini. Sidhani kama itakuwepo nyingine."

Tito akalishika bakuli, akasimama nalo. "Mama, mimi nimetumwa tu."

"Aliyekutuma yuko wapi?" Mama akageuka akatazama huku na huku, kweli kabisa, kama anayemtafuta mtu. "Mimi hapa simwoni. Ninayemwona ni wewe. Na mikono iliyokuwa kwenye usukani ni hii iliyoshika bakuli langu."

Akakaa juu ya kisiki kusubiri chombo chake.

Sasa nitakwambia kitu ambacho kimenikaa kooni miaka yote hii. Yule kijana alikula. Alikula chakula chote, akafuta midomo, akarudisha bakuli kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akasema asante mama. Kisha akapanda juu ya trekta, akawasha, akaendelea kusukuma kulekule. Mimi nilikuwepo. Niliona kwa macho yangu. Ningesimuliwa ningekataa kwamba binadamu anaweza.

Mama akaliosha bakuli mtoni, tukarudi nyumbani.

Baadaye tuliita mgowe wa kuyatoa yale matawi. Walikuja wachache. Wengine baba mdogo Amoni alikuwa amekwisha kuwanywesha pombe ya ulanzi, wengine waliona aibu kuingilia ugomvi wa ukoo, na mwenyekiti wa kijiji alituambia tutulie, eti kilimo cha kisasa kina usumbufu wake. Usumbufu! Mpaka leo nikilisikia neno hilo damu inanichemka. Tulivuta matawi kwa mikono, tukachanwa, tukapakwa utomvu usiotoka kwa sabuni yoyote. Alichokisukuma Tito kwa siku moja, sisi msimu mzima hatukukimaliza. Mvua ikatukuta bado tunavuta. Ikaushusha udongo mwekundu wa kilima, ukajaza mianya yote katikati ya yale matawi, ukashikamana, basi hapo hata jembe halikuingia tena. Maji yakawa rangi ya chai ya rangi, yananuka mpaina. Upande mmoja wa kinyungu ukageuka dimbwi, upande mwingine ukakauka. Ule udongo mweusi ukawa chini, juu yake umelala mwekundu usioota hata magugu ya maana.

Na huko juu, ili nisikufiche, mahindi ya baba mdogo Amoni yalitoka ya njano, mafupi, kwa sababu udongo wake mzuri alikuwa ameusukuma yeye mwenyewe uje kutuzika sisi. Hakupata yeye, hatukupata sisi. Ningependa kusema nilimhurumia, ila uongo siku ya Jumapili siutaki.

Kiangazi kilichofuata nilimsindikiza mama kwenye gulio. Alisimama mbele ya kabeji za watu, anaigusa hii, anaigusa ile, hajui hata namna ya kuuliza bei. Mwanamke mmoja aliyekuwa anagawiwa naye kila mwaka akamwona, akaona aibu kwa niaba yake, akajifanya anatafuta kitu kwenye kikapu. Nilitamani ardhi inimeze. Mama yeye akachagua kabeji moja ndogo, akaiweka chini ya khanga ili isionekane njiani. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, Mungu alimpa umri, lakini hakuwahi kugawa mboga tena mpaka tulipomzika.

Tito yupo. Unamfahamu, ni yule mzee anayekaa benchi la mbele kanisani na kuimba besi. Ananisalimu kila Jumapili, nami namwitikia, kwa sababu adabu ni adabu hata ukiwa na kinyongo. Siku moja baada ya ibada alinifuata akaniambia kwamba sauti ya baba mdogo Amoni ameshaisahau, ila ladha ya yale maharage inamrudia kila akikaa mezani. Nilimwambia pole. Sikumwambia nimekusamehe, maana kinyungu hakikuwa changu, na mwenyewe alikuwa ameshalala kaburini. Alichelewa. Alikuwa na siku moja ya kugeuza lile trekta, akaitumia kula.

Ndiyo maana nimekukalisha hapa, mwanangu. Wewe hujachelewa. Mvua haijanyesha.

Najua utakachosema, nakuona unavyohema. Utasema bosi atakufukuza. Inawezekana. Najua vijana mnavyozunguka Makambako na Njombe mnatafuta kazi, na najua ulivyofurahi ulipokabidhiwa ule ufunguo. Mimi si mjinga nisiyejua njaa. Lakini bosi ana haki na kilima chake tu. Maji yanayotoka chini ya kilima si yake, na kinyungu cha mjane si jalala lake. Akikutuma kazi ya kilima, itii, tena uifanye vizuri kuliko anavyotarajia. Akikutuma kumfukia mtu, hapo huna bosi, una mtu anayetaka kutumia mikono yako ili yake ibaki safi. Na hilo neno "nimetumwa" sitaki kulisikia ndani ya nyumba hii. Yule mama wa jana hamjui bosi wako. Anachokijua ni trekta jekundu na kijana aliyemwongezea sauti ya redio.

Hiyo redio ndiyo iliyoniuma zaidi, nikwambie ukweli. Tito angalau alizima injini.

Kazi yako si mbaya, usinielewe vibaya. Lile trekta ni baraka. Laiti tungekuwa nalo siku zile tukivuta matawi kwa kamba. Ila fanya nalo kazi kama mtu anayejua kuna watu chini ya mlima. Kabla hujawasha, ulizia kama wanawake wameshaokota kuni. Kijiko kiinue kidogo, kikwangue matawi na kuuacha udongo, na mzigo uutikise kabla hujaondoka nao, udongo uanguke pale ulipozaliwa. Panga mistari yako kukata mteremko, usiufuate. Na ukingo wa bonde uache na nyasi zake, usisogee hapo hata kama mwenye shamba anakupigia simu kila dakika. Mafuta ya kuzunguka visiki ni rahisi kuliko laana ya mtu aliyekaa juu ya kisiki anakutazama.

Na leo hii, wala si kesho, utarudi kule. Trekta umelilaza pale barabarani kwa mwenye gereji, ufunguo uko mfukoni mwako, nauona unavyouchezea. Mpigie bosi wako simu, umwambie wazi unachokwenda kufanya, usiende kama mwizi. Akikataa, acha ufunguo wake gereji, chukua panga na kamba pale nyuma ya mlango, mimi nitachukua jembe, na dada yako aliyecheka atakuja na sisi. Lakini matawi yatatoka kwenye jicho la maji la yule mama kabla mvua haijayashonea pale kwa udongo.

Mungu wa wazee wetu akubariki, mwanangu. Akushike mteremkoni trekta lisikuangukie. Akupe bosi mwenye utu, au akupe moyo wa kuishi bila yeye. Mikono yako ilishe watu, isiwazike. Kila bonde utakalopita juu yake, wanawake wa huko chini wakisikia mlio wa mashine yako waendelee kulima bila kuinua kichwa. Sasa inuka uende. Ukifika zima injini, zima na hiyo redio, shuka mpaka alipo umwamkie kwa heshima, na yule mama akianza kukutukana, mwache amalize.